Gundi ya mgunga: Soko lipo, uchafu ndio unaokula bei

WAFUGAJI na wakulima wa maeneo kame ya Afrika Mashariki wamekaa juu ya mali ambayo wengi wao huikata na kuichoma mkaa. Mali hiyo ni mgunga wa gundi, mti mdogo wa miiba ambao kitaalamu huitwa Senegalia senegal na ambao vitabu vya zamani huuita Acacia senegal. Utomvu wake ulioganda ndiyo bidhaa inayojulikana katika soko la dunia kwa jina la gamu arabiki.

Bidhaa hiyo haina mbadala rahisi. Ndiyo inayoshika mafuta ya ladha yasielee juu ya soda, inayozuia sukari isigande vibaya ndani ya peremende, inayong'arisha pipi zenye ganda, na inayoshikamanisha vidonge na dawa za maji viwandani. Hutumika pia katika rangi za maji, wino, na uchapishaji. Katika pakiti za vyakula barani Ulaya huandikwa kwa namba E414.

Hata hivyo, mchumaji wa Samburu au Turkana anayeuza gunia lake kwa mchuuzi wa kijijini mara nyingi hupata bei ndogo kuliko thamani ya mzigo wake ungekuwa safi. Chanzo kikubwa cha hasara hiyo si umbali wa soko peke yake. Ni mchanga, magome, unyevu, na gundi za miti mingine zinazochanganywa kabla gunia halijafungwa. Kwa maneno mengine, bei ya gundi huamuliwa juu ya jamvi la kukaushia zaidi kuliko mahali pengine popote.

Hali ya soko

Kwa miaka mingi soko hili limetegemea nchi moja. Sudan hukadiriwa kutoa kati ya asilimia 70 na 80 ya gamu arabiki yote inayouzwa duniani, na sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka Kordofan na Darfur. Mji wa El Obeid huko Kordofan una mnada maarufu ambako gundi hupangwa kwa madaraja na kushindaniwa na wanunuzi. Chad na Nigeria hufuata nyuma kwa mbali. Ufaransa ndiyo kitovu cha usindikaji: hununua gundi ghafi, huisafisha na kuisaga kuwa unga, kisha huiuza tena nchi nyingine kwa bei ya juu.

Umuhimu wa gundi hii ulionekana mwaka 1997. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka huo, viwanda vya vinywaji na peremende vya Marekani vilipiga kelele, na gamu arabiki ikaachiwa mlango wa kupita. Ni bidhaa chache sana kutoka Afrika zilizowahi kupata heshima ya namna hiyo.

Vita vilivyozuka nchini Sudan Aprili 2023 vilifika hadi ndani ya ukanda wa gundi. Barabara za kwenda bandari ya Port Sudan zilikuwa za hatari, wafanyabiashara walihama, na sehemu ya mzigo ilianza kuvuka mipaka kinyemela na kuuzwa kwa jina la nchi jirani. Kutokana na hali hiyo, wanunuzi wakubwa wamekuwa wakiulizia gundi kutoka nchi nyingine ambayo asili yake inajulikana na inaweza kuthibitishwa kwa karatasi.

Upande wa mahitaji nao umepanuka. Desemba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliitambua gundi hii kuwa ni nyuzilishe, yaani sehemu ya chakula isiyomeng'enywa tumboni ambayo ina faida kwa mwili. Tangu hapo mtengenezaji wa chakula nchini humo anaweza kuihesabu hivyo kwenye maelezo ya pakiti yake.

Nafasi kwa Afrika Mashariki basi ipo. Nchini Kenya mti huu humea wenyewe katika kaunti za Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa, na pia katika nyanda kavu za Baringo. Tanzania nayo inao katika maeneo makavu ya kanda ya kati. Lakini soko hilo lina kumbukumbu ndefu, na historia yake ina onyo.

Somo la 1973

Ukame mkali uliolikumba eneo la Saheli mwaka 1973 na 1974 ulipunguza sana mavuno ya gundi na bei ikapanda ghafla. Wenye gundi walifurahi kwa msimu mmoja. Wenye viwanda hawakungoja. Walitafuta wanga uliotengenezwa maalumu kufanya kazi ileile, wakabadilisha mitambo yao, na wengi hawakurudi tena hata mvua iliponyesha na gundi ikajaa. Ukame wa miaka ya 1980 ukaongeza jeraha juu ya jeraha.

Maana yake kwa muuzaji wa leo ni kwamba mnunuzi wa gundi hupenda bei nzuri, lakini hupenda zaidi uhakika. Mnunuzi akipata gunia chafu mara mbili, au akikosa mzigo msimu mzima, ataitafuta njia ya kuishi bila gundi hiyo. Anayemuuzia mchanga leo anamfukuza mteja wa kesho.

Kuutambua mti wenyewe

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Jina la mgunga hutumika kwa miti mingi ya miiba, na wengine huuita mti wa gundi kikwata, jina ambalo hupewa pia jamaa yake anayeitwa kitaalamu Senegalia mellifera. Wasomali huuita adad na Waturkana ekunoit.

Alama isiyodanganya ni miiba. Mgunga wa gundi una miiba mifupi iliyopinda kama ndoana na iliyokaa mitatu mitatu: miwili ya pembeni hupinda kuelekea juu na mmoja wa katikati hupinda kuelekea chini. Senegalia mellifera ana ndoana mbili mbili tu. Mgunga unaoitwa kitaalamu Vachellia tortilis una mchanganyiko wa miiba mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda. Vachellia seyal una miiba mirefu iliyonyooka na gome lenye unga wa rangi ya kijani, manjano au wekundu.

Maua ya mgunga wa gundi ni meupe yenye umanjano, yamepangika kama mkia mdogo na hupendwa sana na nyuki. Maganda yake ni bapa, membamba kama karatasi, na ndani huwa na mbegu chache za mviringo ulio bapa. Gome hubambuka kwa tabaka nyembamba. Mti wenyewe kwa kawaida haupiti mita 6, ingawa penye nafasi nzuri hufika zaidi.

Mti huu pia una aina ndogo kadhaa. Gundi nyingi ya biashara ya kaskazini mwa Kenya hutoka katika aina iitwayo kerensis, ambayo gundi yake ina naitrojeni nyingi kidogo kuliko ile ya Kordofan. Hiyo si kasoro. Ni tofauti ambayo mnunuzi anapaswa kuambiwa mapema, ili kipimo cha maabara kisije kikazua ugomvi bandarini.

Upandaji

Mgunga huu unastahimili ukame kuliko mazao mengi. Hustawi vizuri panapopata mvua ya milimita 300 hadi 450 kwa mwaka, ingawa huweza kuishi penye mvua pungufu au zaidi ya hapo. Hupenda udongo wa kichanga ulio na kina. Adui yake ni maji yanayotuama. Mahali ambapo dimbwi hukaa wiki nzima baada ya mvua si mahali pake.

Mbegu hukusanywa maganda yanapogeuka rangi na kukauka, kabla hayajapasuka. Kilo moja huwa na mbegu zipatazo 10,000, kwa hiyo mpanzi mdogo hahitaji mzigo mkubwa. Mbegu mpya huloweshwa kwenye maji ya kawaida usiku mmoja na kupandwa asubuhi. Mbegu iliyokaa muda mrefu huwa na ganda gumu, na huhitaji kukwaruzwa kidogo upande usio na kiini kabla ya kuloweshwa.

Miche hukaa kitaluni miezi 3 hadi 4 na hupandikizwa mvua inapoanza. Nafasi ya mita 4 kwa 4 au 5 kwa 5 hutosha kwa shamba la gundi peke yake. Anayetaka kulima mtama, ufuta, karanga au kunde katikati ya miti huacha nafasi kubwa zaidi, hata mita 10. Mti huu ni wa jamii ya kunde na mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini. Wakulima wa Sudan wamekuwa wakiutumia kwa vizazi kupumzisha na kurutubisha mashamba yaliyochoka.

Tatizo kubwa la miaka ya kwanza ni mbuzi na ngamia. Majani na maganda ya mgunga huu ni malisho bora, na mche usiozungushiwa matawi ya miiba hauvuki msimu wa kwanza wa kiangazi. Mchwa nao huangaliwa, hasa mche unapokuwa bado dhaifu. Mti ukishafika urefu wa kumzidi mbuzi, kazi kubwa imekwisha.

Hesabu ya mkulima

Gundi huanza kuvunwa mti ukiwa na umri wa miaka 4 hadi 5. Mti mmoja wenye afya hutoa wastani wa gramu 250 kwa mwaka, ingawa tofauti kati ya mti na mti ni kubwa na mwingine haufiki gramu 100.

Tuchukue mfano wa ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 5 kwa 5. Ekari hiyo hubeba miti 160 hivi. Kwa gramu 250 kila mti, mavuno ni kilo 40 kwa mwaka. Kwa gramu 100, ni kilo 16 tu. Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba anayefyeka shamba la mtama ili apande mgunga peke yake akitarajia utajiri anajidanganya.

Faida huja kwa njia nyingine. Mkulima mwenye ekari 5 za mraba ana mzingo wa mita 570 hivi. Akipanda mti mmoja kila mita 4 kwenye mpaka, atakuwa na miti 140, na kwa wastani uleule wa gramu 250 atavuna kilo 35 bila kupoteza ardhi ya chakula. Juu ya gundi atapata boma la miiba, lishe ya mbuzi wakati wa kiangazi, maua kwa mizinga ya nyuki na kuni za matawi yanayopunguzwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mfugaji ambaye miti yake imemea yenyewe, hesabu ni rahisi zaidi, kwa kuwa gharama ya kupanda haipo. Mti uliokatwa hutoa mkaa mara moja. Mti ulioachwa hutoa gundi kila mwaka kwa miaka kumi na zaidi. Na anayetaka kuurudisha aliyoukata atasubiri miaka 4 au 5 kabla ya kuona tone la kwanza.

Jambo la kuzingatia zaidi ni majira. Gundi hutoka wakati wa kiangazi, yaani wakati ambao maziwa yamepungua na bei ya mifugo sokoni imeporomoka. Kaskazini mwa Kenya wachumaji wengi ni wanawake na wachungaji, na fedha hiyo hununua unga, sukari na majani ya chai katika miezi ambayo hakuna kingine cha kuuza. Kwa sababu hiyo, senti inayopotea kwenye uchafu wa gunia hupunguza unga nyumbani moja kwa moja.

Ugemaji

Wachumaji wengi wa Kenya hukusanya gundi inayotoka yenyewe kwenye nyufa za gome na mahali palipotobolewa na wadudu. Njia hiyo haina gharama, lakini mavuno yake hayatabiriki.

Sudan hugema. Majani yanapoanza kudondoka baada ya mvua, mgemaji hutumia chombo cha chuma chenye mpini mrefu wa mti kiitwacho sonki. Huchokoa gome la tawi kubwa na kubandua utepe mrefu mwembamba. Kanuni ni chache, na anayezivunja huua mti. Chuma kisiingie ndani ya mti, kiishie kwenye gome. Tawi lisizungushwe pande zote, maana chakula cha mti kitakatika njiani. Mti mchanga upewe jeraha moja au mawili tu. Mwaka unaofuata jeraha liwe upande mwingine wa tawi.

Matone ya kwanza hukusanywa baada ya wiki 3 hadi 6, yakiwa yameganda kama mawe madogo ya mviringo ya rangi ya kaharabu. Baada ya hapo mchumaji hurudi kila baada ya wiki mbili hivi mpaka mvua inapokaribia. Mvua ikinyesha juu ya gundi iliyo mtini, huyeyuka na kupotea.

Jamvi ndilo soko

Baada ya kuchuma, kazi inayobaki ndiyo yenye bei. Vipimo vya kimataifa vya chakula hutaka gamu arabiki ya vidonge isizidi asilimia 15 ya unyevu. Jivu lote lisizidi asilimia 4. Takataka zisizoyeyuka katika asidi zisizidi asilimia 1. Vijidudu vya salmonela na E. koli visionekane kabisa. Mnunuzi mkubwa hupima yote hayo kabla ya kulipa.

Unyevu ndio kishawishi cha kwanza. Kilo 100 za gundi yenye maji asilimia 25 zikikaushwa hadi asilimia 15 hubaki kilo 88. Mchumaji huona amepoteza kilo 12 na kuuza mbichi. Lakini mchuuzi anayenunua kijijini anaijua hesabu hiyo kuliko yeye. Hukata bei ya gunia zima ili ajikinge, na mara nyingi hukata zaidi ya hizo kilo 12. Juu ya hayo, gundi mbichi huota ukungu ndani ya ghala na kugandamana kuwa bonge moja lisilochambulika.

Utaratibu unaofaa si mgumu. Gundi ichumwe kwa mkono na kuwekwa ndani ya kikapu, kamwe isiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa hutoa jasho. Isiangushwe mchangani. Ikaushwe kivulini penye upepo, juu ya jamvi lililoinuliwa kutoka ardhini, mbali na kuku na mbuzi, na igeuzwegeuzwe. Isioshwe kwa maji hata kidogo, kwa sababu maji huiyeyusha. Ikishakauka, magome na vijiti viondolewe kwa mkono, vidonge vikubwa visafi vitengwe na vipande vidogo, na vumbi lipepetwe peke yake. Kila daraja liwe na gunia lake la katani au la kitambaa safi.

Kishawishi cha pili ni kuchanganya. Gundi ya Vachellia seyal inakubalika katika vyakula, na tangu 1998 vipimo vya kimataifa huitaja waziwazi pamoja na ile ya Senegalia senegal, lakini bei yake ni ya chini na inapaswa kuuzwa kwa jina lake. Gundi za miti ya jamii ya mlama, yaani Combretum, hazikubaliki kabisa kuwa kiungo cha chakula. Gundi nyeusi zenye ukakasi nazo hukataliwa, kwa sababu maabara huzigundua kwa tone moja la dawa. Ubani na manemane, ambazo hutoka katika kaunti hizohizo na mara nyingine huchumwa na mtu yuleyule, zina soko lao na zisitiwe gunia moja na gundi.

Kuna kipimo cha nyumbani kinachosaidia. Chukua kipande kidogo, kiweke ndani ya glasi ya maji baridi safi usiku kucha. Gamu arabiki halisi huyeyuka yote na kuacha maji mazito kidogo yanayoonyesha. Kikivimba na kubaki kama uji wa ute, hiyo ni gundi ya mti mwingine. Kikiacha mchanga chini ya glasi, mchumaji ameuona mwenyewe uchafu ambao mnunuzi angeukata kwenye bei.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na usemi huo unaifaa biashara hii barabara. Kilo 2 za gundi ya mlama zikiingia kwenye gunia moja, na gunia hilo likamwagwa pamoja na mengine ghalani, mzigo wa tani nzima unaweza kukataliwa.

Dawa ya jadi

Kabla haijawa bidhaa ya viwanda, gundi hii ilikuwa dawa nyumbani. Jamii nyingi za wafugaji hutafuna kipande chake au kukiyeyusha majini kwa ajili ya koo linalowasha, kikohozi na tumbo la kuhara. Hupakwa pia juu ya ngozi iliyoungua au kupasuka. Magome ya mti huchemshwa kwa maradhi ya tumbo. Nchini Sudan watu wengi hunywa maji yaliyolowekwa gundi, na wenye maradhi ya figo wameitumia kwa miaka mingi.

Viwanda vya dawa vinaitambua pia, ingawa kwa kazi nyingine: imo katika vitabu rasmi vya dawa vya Ulaya na Marekani kama kiungo cha kushikamanisha vidonge na kutuliza dawa za maji. Hiyo si sawa na kusema inaponya. Anayemuuzia jirani gundi kama dawa ya figo, ili aache dawa za hospitali, anahatarisha maisha ya mtu na jina la bidhaa yake. Koo na tumbo vimeijua kwa vizazi. Maradhi makubwa ni ya daktari.

Kuuza kwa pamoja

Mchumaji mmoja mwenye kilo 10 hana sauti mbele ya mchuuzi. Mwenye lori hupanga bei yake, hupima kwa mizani yake, na mara nyingi hulipa kwa unga na sukari vilivyokwisha kukopwa. Kikundi chenye tani 5 zilizokauka na kuchambuliwa kinaweza kumwita mnunuzi wa Nairobi au wa bandarini Mombasa na kumsubirisha.

Kikundi kinahitaji vitu vichache: ghala kavu lenye sakafu ya mbao au matofali yaliyoinuliwa, mizani iliyopigwa muhuri, majamvi, na daftari. Kila gunia liandikwe jina la mchumaji, mahali lilikotoka, aina ya mti na tarehe. Daftari hilo ndilo linalomwezesha kiongozi kujua gunia chafu ni la nani, badala ya kikundi kizima kuadhibiwa. Ndilo pia linalompa mnunuzi wa nje uthibitisho kwamba mzigo haukutoka katika nchi yenye vita.

Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, imekuwa ikishughulika na gundi na utomvu wa maeneo kame kwa muda mrefu, na ofisi za misitu za kaunti ndiyo mahali pa kwanza pa kuulizia mbegu zinazofaa na vibali vya kusafirisha. Mzigo wa kwenda nje ya nchi huhitaji pia hati ya afya ya mimea.

Historia ya Sudan inaonyesha kwamba serikali peke yake haiwezi kumlinda mchumaji. Kuanzia 1969 kampuni moja ilipewa haki ya pekee ya kuuza gundi ghafi nje ya nchi hiyo. Haki hiyo ilidumu hadi 2009. Katika miaka ambayo bei rasmi ilikuwa ndogo, mkulima alikata mti akauza mkaa, au alivusha gundi yake mpakani usiku. Mti ulihesabiwa kuwa mali ya taifa, lakini aliyekuwa na shoka ndiye aliyeamua.

Ndivyo ilivyo hata sasa kaskazini mwa Kenya. Mwenye shoka huupima mgunga kwa gunia la mkaa na kwa kilo za gundi, kisha huchagua. Gundi chafu inayouzwa kwa bei ya kutupa humsukuma kwenye mkaa. Gundi kavu, safi na isiyochanganywa humpa sababu ya kuuacha mti usimame hadi kiangazi kijacho, na jamvi la kuipatia bei hiyo hushonwa kwa mikono yake mwenyewe.